Nyambizi ya mfano: niliichagua kama mbegu ya korosho, nusura nimharibie mpwa wangu

Wakuu, habari za kutwa. Poleni na majukumu, na walio wagonjwa humu ndani Mungu awape nafuu.

Haya ninayoandika yamenikuta mimi mwenyewe, siyo jirani wala "rafiki yangu mmoja". Atakayeamini aamini, asiyeamini apite kimya kimya, mradi asinitukanie mama.

Kuna mdau aliuliza humu wapi atapata kit nzuri ya nyambizi, ile meli inayopita chini ya maji, ya mfano, ya kuunga mwenyewe nyumbani, na muuzaji gani anaaminika. Wengi mkamcheka. Mkamwambia mtu mzima unataka midoli ya nini.

Mimi sikucheka. Nilivyosoma tu nikakumbuka yaliyonikuta.

Kwanza mnifahamu. Naishi Nachingwea mjini, kibarua changu ni ghalani, kwenye korosho. Napima ubora. Gunia likija nalichoma na bambo, kile chuma chenye mfereji, natoa sampuli, nakata na kisu, naangalia ndani. Mkulima anaweza kuapa mpaka povu limtoke kwamba mzigo wake ni daraja la kwanza, mimi kisu ndiyo kinanijibu.

Kwa hiyo mtaani nina jina la mtu asiyepigwa. Na hilo jina ndilo lililoniponza.

Dada yangu Mwanahawa yuko Lionja, analima korosho na ufuta. Binti yake wa kwanza ni Salma. Huyu mtoto kichwa kipo, wakuu. Kamaliza kidato cha sita, kapata chuo Dar, uhandisi wa meli. Kwenye ukoo wetu hakuna hata mmoja aliyewahi kupanda meli, achilia mbali kuitengeneza.

Sasa kwa wasiojua mambo yetu ya kusini: kwetu mtoto ni wa upande wa mama. Baba yupo na anaheshimiwa, lakini neno juu ya mtoto analo mjomba. Akifaulu, anapongezwa mjomba. Akipatwa na balaa, anaulizwa mjomba.

Mjomba wa Salma ni mimi. Ila na mimi nina mjomba wangu, mzee Hemedi wa Chunyu, kule Ruangwa. Maadam yeye yupo hai, mimi sina ubavu wa kusema ndiyo peke yangu. Ningethubutu, hata dada yangu asingenielewa.

Tukaenda Chunyu kumwomba ruhusa. Mimi, dada na Salma.

Mambo yalikuwa yanaenda murua kabisa. Mzee kafurahi, kauliza habari za shule, kamwambia Salma, "Kwa hiyo wewe utatengeneza meli?"

Badala ya kusema ndiyo babu na kunyamaza, mtoto akachangamka. "Mimi nazipenda zile zinazozama, babu. Zinazama kwa makusudi na watu wakiwa ndani."

Jamani. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Watu wakiwa ndani?"

"Ndiyo babu. Halafu zinarudi juu."

 Uso wa mzee wote ukabadilika. Kisha akasema taratibu, "Kinachozama hakirudi. Mimi nakijua."

Pale nyumbani kila mtu alijua anamaanisha nini isipokuwa Salma. Mzee Hemedi alikuwa na mpwa mwingine, Bakari, mtoto wa dada yake mdogo. Zamani hizo, mvua zikiwa zimechachamaa, Bakari aliomba ruhusa avuke mto akatafute kibarua upande wa pili. Mzee akasema nenda. Bakari akaingia mtoni na mwili wake haukupatikana mpaka leo. Ukoo ukaja kumuuliza mjomba, kama ilivyo desturi. Tangu siku hiyo, mtu akimwomba mzee ruhusa ya safari, anajibu "tutaona" mpaka safari inakufa yenyewe.

Dada akajaribu kusema chuo kiko nchi kavu. Mzee akainua mkono.

"Nileteeni kitu kinachozama na kurudi chenyewe, bila kamba. Nikione kwa macho yangu haya. Nikikiona, atakwenda. Nisipokiona, atasoma kitu kingine hapa hapa karibu."

 Wakati wa kurudi, tunakaribia Lionja, Salma akasema, "Mjomba, nimejiharibia mwenyewe."

Nikamwambia usihofu, hiyo kazi niachie mimi. Nimesema hivyo kwa mdomo tu. Chuo kilikuwa kinakaribia kufunguliwa na mimi hata sijui hicho kidude kinauzwa wapi.

Nikaingia mtandaoni.

Muuzaji wa kwanza kumpata alikuwa na ukurasa mzuri mno, wafuasi kibao, picha zinang'aa. Nyambizi nyeusi inachungulia kwenye maji ya bluu, utasema iko peponi. Nikamwandikia. Akajibu hapo hapo, tena kwa mapenzi, "boss wangu", "kaka mkubwa". Akasema imebaki moja, ofa inaisha leo, nitume hela yote sasa hivi aniwekee.

Wakuu, nilishafungua simu kwenye menyu ya kutuma hela. Kidole kiko pale. Kilichoniokoa ni mazoea ya kazini tu: hatununui gunia kwa kuangalia juu, maana juu ndiko wanakopanga zile nzuri.

Nikamwambia, nipigie video, nioneshe hiyo iliyobaki ukiwa umeishika mkononi.

Akasema kamera mbovu. Nikasema basi piga picha, weka pembeni karatasi yenye jina langu. Akasema yuko msibani. Nikasema pole, nitasubiri mzike. Akanila block.

Nikafunga ile menyu ya kutuma hela. Nusura niuziwe mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe halipo.

Baada ya hapo nikawa mwoga kupita kiasi. Kila muuzaji namwona mwizi. Siku zinakwenda. Salma kila akipiga simu anauliza kwa adabu tu, "Mjomba, umefikia wapi?" Na mimi nadanganya kwamba naendelea vizuri. Chakula kikawa hakipiti. Mke wangu akaanza kuniuliza kama kuna mwanamke.

Ndipo mtu mmoja ghalani akanipa namba ya dada mmoja Dar, Rehema, anauza vifaa vya masomo na kit za kuunga: ndege, magari, meli. Huyo mwenzangu aliwahi kuuziwa kitu na Rehema, kikafika kizima.

Rehema hakuniita boss. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Unaitaka ya nini?"

Nikashangaa. Nikamwambia nataka nyambizi, nzuri. Akasema nzuri kwa kazi gani. Nikaona huyu ananizungusha. Sikutaka kumweleza mambo ya ukoo, nikajibu tu, ya kutia kwenye maji.

Akapiga video mwenyewe bila kuombwa. Nilikuwa ghalani, nikajificha nyuma ya magunia. Akaleta ndoo ya maji na mifano miwili iliyokwisha kuungwa. Mmoja mwekundu, mzito, umepakwa rangi safi kama gari jipya. Mwingine wa kijivu, una bomba la plastiki linaloonesha ndani, skrubu na oringi, zile pete za mpira za kuzuia maji.

Akatia mwekundu. Ukazama moja kwa moja mpaka chini, tii!

Akatia wa kijivu. Ukaelea. Mgongo uko nje ya maji, umetulia tu.

Sasa hapa ndugu zangu wa korosho mtanielewa. Sisi mbegu tunazichagua kwa maji. Unamwaga korosho kwenye ndoo: iliyozama ina kiini kilichojaa, ndiyo ya kupanda. Iliyoelea haina kitu, tupa. Hilo nimelijua kabla sijajua kusoma.

Kichwani mwangu kesi ikaisha pale pale. Nikamwambia, "Dada, nipe nyekundu. Hiyo ya kijivu mbovu, inaelea."

Rehema akacheka mpaka simu ikayumba. Akasema, "Kaka, nyekundu ni pambo. Ya kuweka kabatini. Mimi sikushauri." Akaanza kueleza ile ya kijivu, lakini mtandao ukawa unakatakata, nasikia "pampu... maji... yenyewe", na msimamizi wangu huku ananiita.

Mimi nikatafsiri kivyangu. Nikasema ahaa, huyu dada, ya kijivu ndiyo imemganda dukani, anataka kunisukumia. Mpima ubora mzima nipigwe mchana kweupe? Nikamwambia kwa sauti ya kibabe, "Mimi hizi kazi za ubora ndizo zangu. Tuma nyekundu."

Akasema, "Sawa kaka. Ila ukiijaribu ukaona siyo, usiitupe, nirudishie."

Tukamalizana. Nikafunga simu najiona mjanja.

Mzigo ukaja na basi. Nikaupeleka Lionja mwenyewe kwa pikipiki, boksi nimelikumbatia kifuani. Salma akaunga vile vipande kwa gundi, tukasubiri ikauke. Dada akaleta beseni kubwa la kufulia. Majirani wakaanza kusogea.

Salma akaiachia. Ikazama, tii! Nikapiga makofi. "Mmeona? Imejaa hiyo!"

Tukasubiri irudi.

Tukasubiri.

Dada akaniangalia. Mimi nikaangalia beseni. Jirani mmoja akauliza kama inatakiwa isemeshwe.

Salma akaingiza mkono, akaitoa, akaigeuza geuza, akaitikisa sikioni. Akasema kwa sauti ndogo, "Mjomba, ndani ni chuma tu. Umenunua jiwe."

Hakusema kwa dharau. Angenikasirikia ningejisikia nafuu. Aliifuta maji kwa khanga, akairudisha kwenye boksi taratibu, akaingia ndani. Nikamsikia analia huku anajizuia.

Wakuu, mimi ni mtu mzima, nina ndevu. Nilitoka nikaenda kusimama nyuma ya choo nipate kupumua. Nilikuwa nimechagua maisha ya mtoto wa dada yangu kama nachagua mbegu.

Nikampigia Rehema. Nilijiandaa kwa maneno yoyote, hata akinitukana ningepokea. Safari hii nikamweleza yote: mzee, Bakari, chuo, beseni.

Hakusema "si nilikwambia". Aliuliza tu, "Chuo kinafungua lini?" Nikamwambia. Akasema, "Nikisubiri hiyo nyekundu inirudie ndipo nitume nyingine, mtachelewa. Leo hii naweka ya kijivu kwenye basi. Wewe nirudishie nyekundu ukipata nafasi."

Mtu hanijui. Hajawahi kuniona zaidi ya uso wangu nyuma ya magunia. Nilikata simu nikafuta macho.

Halafu akampigia Salma mwenyewe, wakaongea kirefu. Kwamba nyambizi nzima lazima ielee kwanza. Ina pampu ndogo. Ikitaka kuzama inavuta maji tumboni, ikitaka kutoka inayatema. Ile isiyoweza kuelea haijui kurudi. Salma alikuwa anayajua hayo siku zote. Sikumuuliza, ndiyo tatizo langu.

Ikafika. Salma akaifungua skrubu moja moja, akapaka oringi mafuta ya mgando, akajaribu kwenye beseni. Ikazama, ikarudi. Ikazama, ikarudi. Dada akapiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia.

Basi, Chunyu.

Nilibeba na beseni, nikijua tutafanyia uani. Mzee akalitazama akasema, "Beseni ni la kufulia. Twende kwenye maji anayozama mtu."

Akatupeleka kwenye bwawa wanakochota maji ya bustani. Maji ya kahawia, hayaoneshi hata kidole. Wazee wenzake wakaja kushuhudia. Beseni ni kina cha mkono, hili bwawa hatukujua lina kina gani.

Salma akaiweka majini. Ikaelea.

Wazee wakaguna kwa pamoja. "Inaelea hiyo," mmoja akasema. "Mbovu."

Mzee Hemedi naye akatikisa kichwa, akanigeukia. "Mpwa wangu, na wewe unafanya kazi ya korosho?"

Kabla sijajibu, Salma akasema, "Babu, subiri." Akabonyeza rimoti. Ikaanza kushuka. Viputo vikapanda. Ikapotea.

Viputo vikaisha.

Mzee akasema, "Haya, nimeona. Itoe."

Salma akabonyeza. Hakuna kitu. Akasogea ukingoni, akabonyeza tena. Hakuna.

Nikamsogelea. "Vipi?"

"Imeshuka sana, rimoti haiifikii," akaninong'oneza. "Ikikosa rimoti inatakiwa itoke yenyewe."

"Inatakiwa?"

"Inatakiwa, mjomba."

Dada kafumba macho, midomo inacheza, anasoma dua. Yale maji yametulia, hayana habari na mtu. Mimi nikaanza kuwaza nitaiambia nini familia, Salma atakuwa nani, mimi nitakuwa nani.

Mara nikasikia chubwi.

Mzee Hemedi kaingia majini. Na kanzu yake, na viatu vyake. Maji yanampita magoti, anapapasa chini kwa mikono miwili, haangalii mtu. Nikamfuata nimshike, akanisukuma. "Niache!" Sauti ile sijawahi kuisikia kwake. "Niache nitafute!"

Hakuna aliyecheka. Wazee wenzake wote waliinamisha vichwa, maana walijua anatafuta nini.

Ikatokea upande mwingine kabisa, kwenye matete. Kwanza viputo, kisha mgongo wa kijivu. Ikatulia pale juu, inatiririka matope.

Salma akapiga kelele. Dada akakaa chini pale pale kwenye tope.

Mzee akasimama vile vile majini, mikono inachuruzika, anaitazama. Kisha akasema, siyo kwa sauti kubwa, "Sikuiita. Imerudi yenyewe."

Tukamtoa. Akakaa ukingoni akiwa ameloa chepechepe. Akamwita Salma akae karibu naye. Akamwambia, na haya ni maneno yake, sijaongeza:

"Mimi nilisema ndiyo mara moja, nikampoteza mtu. Toka hapo naogopa. Nilidhani nikiogopa sana, nyinyi mtakuwa salama. Sasa nenda. Kuogopa ni kazi yangu mimi mjomba. Kwenda ni kazi yako."

Salma akaenda. Yuko Dar hivi ninavyoandika. Mzee Hemedi ameomba ile nyambizi ibaki kwake Chunyu, na nasikia kila mgeni anapelekwa bwawani, akiona inaelea akisema mbovu anagombezwa.

Sasa kwa mdau aliyeuliza, na wengine mnaotaka kununua hizi kit.

Muuzaji akikataa kukuonesha kitu kikiwa mkononi mwake, kimbia. Akikuharakisha, kimbia zaidi. Itake ikiwa majini, uione inaelea, inazama, na inatoka tena. Yote matatu, usiridhike na moja kama mimi. Uliza oringi za akiba zipo au hazipo, maana mpira ndiyo roho yake. Uliza ikipoteza rimoti inafanyaje.

Na kubwa kuliko yote: ukimpata mtu anayekukataza kununua kitu chake mwenyewe, tena kilichopo dukani kwake, funga mdomo umsikilize. Huyo ndiye muuzaji. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mimi langu lilibaki kidogo tu.

Mnaonicheka kwa ile nyekundu chekeni, nimeshazoea, ghalani wananiita Jiwe.

Ila nina swali, na hili nauliza kwa dhati. Mzee Hemedi kazeeka, na juzi kaniambia mbele ya ukoo kwamba ruhusa za watoto sasa nitoe mimi. Salma jana simu yake haikupatikana kutwa nzima. Ilikuwa chaji tu, kanipigia jioni anacheka. Lakini ile kutwa nimeiona.

Wajomba wenzangu mliomo humu, mliowahi kusema "nenda": hii hofu mnaishi nayo vipi? Karibuni tuongee.